Dawa za Kupunguza Hamu ya Kula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kwenye dirisha la famasia na kwenye mabenchi ya kliniki za kisukari na presha jijini Mwanza. Kila jibu linaweza kusomwa peke yake, na pale ambapo jambo limeelezwa kwingine msomaji anaelekezwa huko. Hakuna jibu hapa linalochukua nafasi ya daktari aliyekupima.

## Mambo ya msingi

Dawa za kupunguza hamu ya kula ni zipi hasa?

Ni dawa zinazomfanya mtu achelewe kusikia njaa, ashibe mapema, au vyote viwili. Zinazozungumzwa sana sasa ni sindano za kundi la GLP-1, zinazoiga homoni ya mwili yenye jina hilo, yaani semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na liraglutaidi, inayouzwa kama Saxenda. Tizepataidi, yaani Mounjaro au Zepbound, ni jamaa yao wa karibu inayoiga homoni mbili badala ya moja.

Kundi la zamani zaidi ni vidonge vinavyouchangamsha ubongo na mishipa ya fahamu, kama vile fentermini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959 kwa matumizi ya muda mfupi tu. Upo pia mseto wa naltreksoni na bupropioni. Olistati haimo katika orodha hii ingawa mara nyingi huulizwa pamoja nazo: yenyewe haigusi njaa, bali huzuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, nayo mafuta hayo hutoka na choo.

Zinafanyaje kazi mwilini?

Mtu anapokula ugali na sato, chakula kikifika kwenye utumbo mwembamba, seli za utumbo huachia homoni iitwayo GLP-1. Homoni hiyo huliambia kongosho litoe insulini, huliambia tumbo lisiharakishe kumwaga chakula, na huuambia ubongo kwamba shibe imefika. Tatizo ni kwamba homoni ya asili huvunjwa ndani ya dakika chache. Semaglutaidi imeundwa ifanane nayo lakini isivunjwe upesi, kiasi kwamba nusu yake bado imo mwilini baada ya takriban wiki moja. Ndiyo maana sindano moja kwa wiki inatosha.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kwenye ubongo. Watumiaji wengi husema kwamba kinachobadilika kwanza ni mawazo ya chakula: mtu aliyekuwa akifikiria chipsi tangu saa nne asubuhi hujikuta saa saba mchana imefika bila kuzikumbuka. Anakula nusu ya sahani aliyoizoea na kuiacha iliyobaki bila kupambana na nafsi yake.

Jambo ambalo ni lazima lieleweke ni kwamba dawa hizi haziyeyushi mafuta. Mwili hutumia akiba yake ya mafuta kwa sababu chakula kinachoingia kimepungua. Matangazo yanayodai kwamba dawa fulani "inachoma kitambi" huku ukiendelea kula kama kawaida hayaelezi dawa zinazozungumziwa hapa.

Kwa nini nisijizuie tu kula, bila dawa?

Wapo wanaofanikiwa, na anayefanikiwa hahitaji dawa. Lakini mwili unapopungua hujitetea. Homoni ya leptini, inayotoka kwenye mafuta na kuujulisha ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Homoni ya ghrelini, inayoamsha njaa, hupanda. Na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko zamani. Mtu aliyepunguza kilo kumi kwa kujinyima anasikia njaa zaidi kuliko jirani yake ambaye hakuwahi kunenepa, hata kama leo wote wawili wana uzito uleule. Kumwita mtu huyo mvivu au mlafi ni kumdhulumu, na wengi wao wamechelewa kwenda hospitali kwa sababu ya kuogopa maneno hayo.

Mtu anapungua kilo ngapi?

Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021, watu wasio na kisukari waliotumia dozi ya miligramu 2.4 kwa wiki walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao baada ya wiki 68, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 100, hiyo ni karibu kilo 15. Utafiti wa tizepataidi wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa asilimia 20.9 kwa dozi ya juu baada ya wiki 72. Makundi yote yalipewa pia ushauri wa chakula na mazoezi.

Huo ni wastani, hivyo wapo waliopungua zaidi na wapo ambao dawa haikuwasaidia sana. Wenye kisukari aina ya pili kwa kawaida hupungua kidogo kuliko wasio nacho. Anayetarajia mabadiliko ndani ya mwezi mmoja atavunjika moyo, kwa kuwa mwezi wa kwanza dozi huwa ndogo mno (tazama swali la jinsi ya kuanza).

Faida yake ni ya umbo tu?

Hapana. Uzito ukishuka, sukari na presha navyo mara nyingi hushuka, na magoti hupumzika. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa zaidi ya watu 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo au mishipa ya damu, lakini wasio na kisukari. Waliotumia semaglutaidi walipata shambulio la moyo, kiharusi au kifo kinachotokana na magonjwa hayo kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenzao waliopewa sindano isiyo na dawa. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu nzito kuliko zote za kuzichukulia dawa hizi kama tiba badala ya urembo.

## Nani atumie na nani asitumie

Nitajuaje kama ninastahili?

Kipimo cha kawaida ni uwiano wa uzito na urefu: gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65 anapata 82 kugawanya kwa 2.72, yaani 30 na ushee. Miongozo mingi huanzia 30, au 27 kwa mtu ambaye tayari ana presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au tatizo jingine linaloletwa na uzito.

Bibi harusi mtarajiwa mwenye uzito wa kawaida anayetaka kupungua kilo nne ili gauni la sendoff limkae vizuri hastahili dawa hizi. Atapata kichefuchefu na gharama pasipo faida ya kiafya, na kilo hizo zitarudi.

Nani hatakiwi kuzitumia kabisa?

Mjamzito, anayenyonyesha, na anayepanga kubeba mimba karibuni; kwa semaglutaidi, dawa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Sindano hizi hazipewi mtu ambaye yeye au ndugu yake wa damu amewahi kupata saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, na aliyewahi kuvimba kongosho (pankreatitisi) hutafutiwa njia nyingine. Mwenye tumbo linalochelewa sana kumwaga chakula kwa ugonjwa, na mwenye historia ya kujinyima chakula au kujitapisha, waseme mapema. Fentermini nayo haimfai mwenye ugonjwa wa moyo wala mwenye presha isiyodhibitiwa, na hilo ni jambo zito kwetu kwa sababu wengi wana presha bila kujua. Hakuna anayepaswa kumeza vidonge hivyo kabla ya kupimwa presha.

Nina kisukari na tayari ninatumia dawa. Je, naweza kuongeza?

Inawezekana, na sindano hizi zilianzia huko: Ozempic iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya kisukari aina ya pili, na Wegovy, yenye dawa ileile kwa dozi kubwa zaidi, ikaidhinishwa mwaka 2021 kwa uzito. Hatari ipo kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi. Dawa hizo huendelea kushusha sukari hata kama umekula vijiko vitatu tu vya ugali, na sukari ikishuka mno mtu hutetemeka, hutoka jasho jembamba na anaweza kupoteza fahamu. Daktari hupunguza dozi ya dawa ya zamani wakati wa kuanza ile mpya. Usiianze kimyakimya.

## Kuanza na kuendelea

Dozi huanzaje?

Kwa semaglutaidi ya uzito, mwanzo ni miligramu 0.25 mara moja kwa wiki kwa wiki nne, kisha 0.5, 1.0, 1.7 na mwisho 2.4, kila ngazi ikichukua takriban wiki nne. Sindano hupigwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono wa juu. Ngazi hizo zipo ili tumbo lizoee. Anayeruka ngazi kwa haraka ya kupungua huishia kutapika mpaka akaichukia dawa. Ukisahau sindano na ukakumbuka ndani ya siku tano, piga. Zikipita, subiri siku yako ya kawaida na usipige mbili kwa mpigo.

Madhara gani ni ya kawaida, na yapi ni ya kukimbilia hospitali?

Ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuharisha, choo kigumu na tumbo kujaa, hasa siku chache baada ya dozi kupandishwa. Mengi hupungua kwa kula kidogo kidogo, kuacha kula pale shibe inapobisha hodi, na kuepuka vyakula vya mafuta mengi.

Nenda hospitali mara moja ukipata maumivu makali ya tumbo la juu yasiyoachia, hasa yakienda hadi mgongoni, kwa kuwa huenda kongosho limevimba. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu, homa, au macho kuwa ya manjano huashiria mawe kwenye mfuko wa nyongo, ambayo hutokea zaidi kwa watu wanaopungua haraka. Kutapika siku nzima bila kuweza kunywa maji nako ni dharura, maana figo huumia kwa ukosefu wa maji.

Nile nini wakati natumia dawa?

Ukila nusu ya ulichozoea, hiyo nusu inabidi iwe na kitu ndani yake. Sehemu ya uzito unaopotea ni misuli, na misuli hulindwa na protini na mazoezi. Hapa ziwani tuna bahati: sato wa kuchemsha au wa kuchoma, dagaa waliooshwa vizuri na kupikwa kwa nyanya, maharage, choroko, mayai na maziwa mgando vyote vinapatikana. Anza na samaki na mboga, iwe mchicha, mlenda au majani ya maboga, kisha ugali umalizie kwa tonge chache. Watu wengi hufanya kinyume: ugali kwanza, mchuzi wa kulainishia, na kipande cha samaki kinabaki cha mwisho wakati tumbo limeshakataa.

Sangara wa kukaanga anayechuruzika mafuta, chipsi na sambusa ndivyo vinavyoleta kichefuchefu zaidi, kwa sababu mafuta hukaa tumboni muda mrefu na dawa imeshalifanya tumbo kuwa la polepole. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula chema kwa kiasi, na nyuzinyuzi zake husaidia choo, mradi unywe maji. Kunywa maji hata bila kiu, kwa sababu njaa ikipungua watu wengine husahau hata kunywa.

Kuhusu mazoezi, wanaoishi milimani Igogo, Mabatini au Bugando hupanda mawe na ngazi kila siku, na hiyo ni kazi halisi ya misuli. Aliye tambarare atembee kwa mwendo wa kasi na afanye zoezi la kuinua vitu vizito, hata madumu ya maji, mara kadhaa kwa wiki.

Nikiacha dawa, uzito utarudi?

Kwa wengi, ndiyo. Watu waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi na ushauri wa chakula walirudisha kwa wastani theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Sababu imeelezwa kwenye swali la kujizuia bila dawa: dawa ilikuwa inanyamazisha njaa, na ikiondoka njaa inarudi na mwili uliojipanga kudai kilichopotea. Unene ni ugonjwa wa kudumu kama ilivyo presha, na hakuna anayeshangaa presha ikipanda mgonjwa akiacha vidonge.

Hili linagusa mfuko moja kwa moja, nami naomba lifikiriwe kabla ya sindano ya kwanza. Dawa hizi ni ghali, na watu huuza mbuzi au huvunja kibubu cha kikoba kununua peni mbili (sindano zinazokuja na dawa ndani) kwa matumaini kwamba kilo zikishuka zitakaa huko. Mwenye uwezo wa miezi miwili tu ni afadhali fedha hiyo aitumie kupima sukari, presha na mafuta ya damu, kutibu kilichopatikana, na kubadilisha chakula cha nyumbani hatua kwa hatua. Uliza pia mapema kama bima yako inalipia, na kwa ugonjwa upi, kwa sababu dawa ileile inaweza kukubaliwa kwa kisukari na kukataliwa kwa uzito.

Nikikonda watu watasema naumwa. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na zaidi na wanawake. Kwetu unene umekuwa ukisomwa kama dalili ya ndoa yenye amani na mume anayejali, na kukonda kukahusishwa na Ukimwi kwa miaka mingi. Mama anayeacha ugali kwenye sinia huulizwa na mama mkwe, "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Hiyo siyo hofu ya kupuuza, kwani wapo walioacha matibabu kwa sababu ya maneno ya mtaani.

Ushauri wangu ni kumweleza mapema mtu mmoja au wawili wenye neno nyumbani, kwamba unatibiwa sukari, presha au magoti, na kwamba daktari ndiye aliyeagiza upungue. Huna deni la kueleza zaidi. Mwombe pia mpishi wa nyumbani akupakulie kidogo mwanzoni, maana sahani ndogo iliyoisha haileti maswali kama sahani kubwa iliyobaki.

## Kununua na kuhifadhi

Nitajuaje kama dawa ni halali?

Nunua famasia iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari, na hakikisha dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mwezi Juni mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia zimepenya katika nchi hizo, mzigo unaouzwa kwa picha za WhatsApp na kupelekwa kwa bodaboda haustahili kuaminiwa. Angalia namba ya toleo kwenye boksi na kwenye peni kama zinafanana, tahajia ya maandishi, na tarehe ya mwisho. Dawa iliyokwishavutwa kwenye bomba la sindano lisilo na lebo usiiguse.

Vipi kuhusu chai na vidonge vya "mitishamba" vya kukata njaa?

Huwa vinaletwa dirishani ndani ya mfuko wa nailoni: vidonge vya rangi mbili, bila jina, bila mtengenezaji, na mteja anauliza kama ni vizuri. Jibu ni hapana. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi sibutramini imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka na kukosa usingizi baada ya kunywa "chai ya asili" ni dalili za kutosha kuiacha na kwenda kupimwa.

Je, hata dawa halali hazikuwahi kuleta maafa?

Ziliwahi. Fenfluramini, iliyokuwa ikichanganywa na fentermini Marekani, iliondolewa mwaka 1997 baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Historia ya namna hiyo ni moja ya sababu za usalama wa moyo kuangaliwa kwa makini katika dawa mpya, kwa utafiti mkubwa kama ule uliotajwa kwenye swali la faida.

Umeme ukikatika, dawa itaharibika?

Peni ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji kati ya nyuzi joto 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Aina nyingi huvumilia kukaa nje kwa muda chini ya nyuzi 30; muda wenyewe unatofautiana, kwa hiyo soma karatasi iliyomo kwenye boksi. Umeme ukikatika saa chache, usifungue friji ovyo. Nyumba ya bati isiyo na dari hupita nyuzi 30 kirahisi mchana, na dashibodi ya gari ni mbaya zaidi.

Anayesafiri na kivuko kwenda Ukerewe aweke peni ndani ya chupa pana ya chai au kiboksi cha baridi, barafu ikiwa imefungwa kwa taulo au kanga ili isigusane na peni, na akibebe mwenyewe badala ya kukiacha juu ya mizigo juani.

## Hali maalumu

Ninatumia ARV zenye dolutegraviri na nimenenepa. Naweza kutumia dawa hizi?

Kuongezeka uzito kwa watumiaji wa dolutegraviri kunajulikana, na usiache ARV kwa sababu hiyo. Zungumza na kliniki yako ya tiba na matunzo. Mseto wa naltreksoni na bupropioni unaweza kugongana na baadhi ya ARV, hivyo mtoa huduma ajue kila unachomeza.

Ninatumia vidonge vya uzazi wa mpango.

Tizepataidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Tumia kondomu au njia isiyo ya kumeza kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila dozi kupandishwa. Wanawake wenye uzito mkubwa ambao hedhi zilikuwa hazieleweki huweza pia kushika mimba kirahisi zaidi wakishapungua, na wengi hawalitarajii hilo.

Naweza kufunga Ramadhani?

Wasio na kisukari wengi huweza, lakini usianze dawa wala kupandisha dozi karibu na mwezi wenyewe, kwa sababu kutapika mchana bila maji ni hatari. Futari iwe ndogo na ya polepole. Mwenye kisukari apange na daktari wiki kadhaa kabla.

Nimepata malaria na ninatapika.

Tibiwa malaria kwanza. Ukitapika dawa ya malaria muda mfupi baada ya kuimeza, rudi kituoni upewe maelekezo, na usipige sindano ya wiki hiyo mpaka uweze kula na kunywa. Ukikosa wiki kadhaa mfululizo, huenda ukatakiwa kuanza tena kwa dozi ya chini.

Ninatarajia kufanyiwa upasuaji.

Mwambie daktari wa usingizi, hata kama ni upasuaji mdogo na hata kama uliacha kula tangu jana jioni. Tumbo lililocheleweshwa na dawa linaweza bado kuwa na chakula, na chakula hicho kikipanda wakati umelala kinaweza kuingia kwenye mapafu. Taja jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho siku ya kupangiwa upasuaji, ili iamuliwe kama dozi irukwe au upasuaji uahirishwe.